Sura ya Saba: Mdundo wa Tatu

Septemba 2018, katika uwanja mdogo wa ndege wa Beverly, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, msichana wa miaka 17 alipaa kwa mara ya kwanza bila mkufunzi kando yake. Ndege ilikuwa Piper Warrior, ya injini moja, ya aina inayotumika kufundishia marubani duniani kote. Wakati wa kupaa, gurudumu kuu la upande wa kulia liling'oka. Yeye hakuliona. Aliyeliona ni rubani mwingine, na habari ikapitia kwa waongoza ndege hadi kumfikia angani: gurudumu la kulia halipo.

Mkufunzi wake aliingia redioni. Msichana akazunguka juu ya uwanja huku magari ya zimamoto yakijipanga, akaelezwa hatua kwa hatua cha kufanya, kisha akaishusha ndege. Iliinama upande usio na gurudumu, ikateleza, ikaacha lami na kusimama kwenye nyasi. Alishuka mzima.

Habari hiyo ilisambaa duniani, na sifa alizopewa alizistahili. Lakini wakufunzi wa urubani waliposikiliza sauti za redio za siku ile, walisikia jambo ambalo wanafunzi wengi hawalipati: muda. Msichana yule alijua mapema kwamba kutua kwake kutakuwa kugumu. Alikuwa na dakika za kuzunguka, za kuuliza, za kupumua. Alijua ni mahali gani mambo yangeharibika, na watu wazima wenye uzoefu walikuwa sikioni mwake.

Ajali ya kawaida ya mwanafunzi anapotua haina lolote kati ya hayo. Hutokea mchana kweupe, kwa ndege yenye magurudumu yake yote matatu, katika uwanja anaoujua kama uani kwao. Huanza na kuisha ndani ya sekunde zisizofika kumi. Na karibu kila mara, katika sekunde hizo, kuna wakati mmoja ambapo ndege ingeweza kuruka tena na kuondoka salama, kama mkono wa kulia ungesukuma kifundo kimoja.

Sura hii inahusu mkono huo, na sababu zinazoufanya usitembee.

*

Kutua ndiko kunakovunja ndege ndogo kuliko hatua nyingine zote za safari. Ripoti za usalama wa ndege binafsi nchini Marekani huonyesha hivyo mwaka baada ya mwaka: ajali za kutua ndizo fungu kubwa kuliko mengine, ingawa ni chache kati yake zinazoua. Mwendo ni mdogo, ardhi iko karibu, na watu hushuka kwa miguu yao. Kinachobaki nyuma ni gurudumu la pua lililopinda, propela iliyokunjika ncha na kijana anayetetemeka pembeni mwa njia ya kurukia.

Ajabu ni kwamba ndege za kufundishia zilibuniwa makusudi ili zisamehe. Hadi kufikia miaka ya 1940, mwanafunzi alijifunza kwa ndege yenye magurudumu mawili mbele na kigurudumu kidogo mkiani, mfano Piper Cub. Ndege hizo zilipenda kujigeuza zikiwa ardhini, mkia ukitaka kutangulia mbele. Kisha kampuni ya Cessna ikaleta modeli ya 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, na baadaye 150 na 152. Zote zina gurudumu la tatu chini ya pua. Matangazo ya biashara ya enzi hizo yalimwahidi mnunuzi kwamba kutua sasa kumekuwa rahisi mno. Watu waliamini na kununua: Cessna 172 zilizotengenezwa zimepita 44,000, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyofikia idadi hiyo.

Gurudumu la pua liliondoa ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Magurudumu mawili makuu, yaliyo nyuma, ndiyo yaliyoumbwa kubeba pigo la kutua. La pua limeumbwa kuongoza ndege ikitembea ardhini. Katika Cessna 172, mguu wa gurudumu hilo umefungwa kwenye bamba la chuma linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Ukigongwa vibaya, bamba hilo hujikunja kama bati. Ndiyo maana fundi anayeikagua Cessna iliyotumika shuleni humulika tochi kwenye bamba hilo akitafuta mikunjo. Mikunjo hiyo humwambia mengi kuhusu waliojifunzia ndege ile.

Basi somo la kwanza la kutua, kabla ya mengine yote, ni hili: magurudumu makuu yatangulie, la pua lifuate taratibu kama mtu anayeketi mkekani.

*

Siku ya kuruka peke yake huja bila tangazo. Mkufunzi na mwanafunzi wamezunguka uwanja mara tatu au nne, wakitua na kupaa. Kisha mkufunzi anasema simamisha ndege pale pembeni, anavua vifaa vya masikioni, anafungua mlango na kushuka. Nenda mara moja, uje unichukue.

Wengi hudhani kilichopungua ni msaada tu. Umepungua uzito pia. Cessna 152 hairuhusiwi kupaa ikiwa na zaidi ya kilo 757, mafuta na watu wakiwemo. Mkufunzi wa kilo 80 anaposhuka, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo imeondoka. Ndege inapaa haraka kuliko ilivyopaa dakika kumi zilizopita. Inafika kimo cha mzunguko kabla mwanafunzi hajamaliza kazi zake. Na inaporudi kutua, haitaki kushuka. Mwanafunzi anarudia yale yale aliyofundishwa, lakini chombo kimebadilika mikononi mwake.

Hapo ndipo mwendo unapoanza kuleta matatizo. Kanuni ya jumla ni kukaribia uwanja kwa mwendo ulio asilimia 30 juu ya ule ambao mabawa hushindwa kuibeba ndege. Kwa Cessna 172 hiyo ni kama kilomita 120 kwa saa, kutegemea uzito na flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Mwanafunzi mwenye hofu huongeza kidogo, akidhani mwendo ni akiba. Lakini nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili: ukizidisha mwendo kwa asilimia 10, nguvu inayopaswa kumalizwa ardhini huongezeka kwa asilimia 21, na njia unayoihitaji hurefuka kwa kiasi kama hicho.

Tena, ndege inapofika chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, yaani mita 11 kwa Cessna 172, ardhi huizuia hewa inayosukumwa na mabawa isishuke kwa uhuru, na ukinzani hupungua. Ndege inaelea. Lami inapita chini, mita mia, mita mia mbili, na magurudumu hayajagusa kitu.

*

Sasa tazama macho ya mwanafunzi.

Kitabu cha mafunzo cha mamlaka ya anga ya Marekani kinaelekeza kwamba rubani aanze kuiinua pua taratibu akiwa futi 10 hadi 20 juu ya lami, na kwamba mahali anapotazama ndipo panapoamua kila kitu. Akitazama karibu mno, lami inakuwa ukungu unaokimbia. Ardhi inamfikia ghafla naye anavuta usukani kwa nguvu. Akitazama mbali mno, hawezi kukadiria kimo, naye hachukui hatua mpaka magurudumu yagonge. Mwanafunzi aliyechoka kuelea hufanya kosa la tatu: anaacha kusubiri. Anausukuma usukani mbele kidogo ili ndege ishuke.

Gurudumu la pua linagusa kwanza.

Mdundo wa kwanza si mkubwa. Kwa kuwa uzito wa ndege umekaa nyuma ya gurudumu la pua, pigo linairusha pua juu. Pua ikipanda, bawa linakutana na upepo kwa pembe kubwa zaidi, na kwa kuwa mwendo bado upo, linainyanyua ndege. Mita moja, pengine mbili. Mwanafunzi, ambaye sekunde moja iliyopita aliona lami, sasa anaona mbingu.

Mkono wake unafanya kile ambacho mkono wowote wa binadamu ungefanya: unasukuma pua chini. Shida ni kwamba mkono umechelewa. Macho yameona, akili imeelewa, msuli umetii, na wakati huo wote ndege imeshafika kileleni na kuanza kuanguka yenyewe. Msukumo unaongezea anguko. Gurudumu la pua linagonga tena, kwa kishindo zaidi.

Mdundo wa pili unairusha ndege juu ikiwa na mwendo mdogo kuliko mwanzo. Usukani umekuwa laini, hauna nguvu. Mwanafunzi anavuta, anasukuma, anavuta, na kila mara anajibu jambo lililokwisha pita. Ndege inapanda na kushuka kama pomboo anayefuata jahazi, na pomboo ndiye mnyama ambaye marubani wa lugha nyingine walimchukua kuupa jina mwenendo huu.

Mdundo wa tatu ndio unaovunja. Mguu wa pua unakubali. Kati ya ncha ya propela ya Cessna 172 na lami kuna nafasi ya sentimita 28 na ushei, chini kidogo ya urefu wa rula ya mwanafunzi wa shule. Mguu ukikunjika, nafasi hiyo inaisha, na chuma kinachozunguka kinaanza kukata lami.

Kutoka pale gurudumu la pua lilipogusa mara ya kwanza, zimepita sekunde tano au sita.

*

Waswahili husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Katika mambo mengi ya maisha, methali hiyo humjenga mtu: aliyeanza amalize. Mwanafunzi wa urubani huja nayo uwanjani moyoni, hata kama hajawahi kuitamka. Amejipanga, ameomba ruhusa, mnara umemruhusu kutua, mkufunzi anatazama akiwa amesimama kwenye nyasi. Ameshavua nguo. Kutua kumekuwa deni.

Wakufunzi hutumia saa nyingi kuling'oa wazo hilo. Hufundisha kwamba ruhusa ya kutua ni ruhusa tu, si amri, na kwamba rubani anaweza kughairi akiwa futi 500, futi 50, au hata baada ya magurudumu kugusa. Baada ya mdundo mdogo, aishike pua katika mkao wa kutua, aongeze nguvu kidogo na aiache ndege ikae tena. Baada ya mdundo mkubwa hakuna kuutengeneza. Throtoli, kile kifundo cha nguvu za injini, yote mbele, pua isipandishwe kupita kiasi, flapu zipunguzwe kwa hatua, na ndege iondoke. Kishindo kimoja cha gurudumu la pua mara nyingi huishia kwenye ukaguzi wa fundi. Kishindo cha tatu huishia kwenye ripoti.

Mbona basi mkono hausogei? Sababu moja ni kwamba umejaa kazi. Kiti cha mwanafunzi ni cha kushoto. Mkono wake wa kushoto umeshika usukani, wa kulia uko kwenye throtoli. Mtu anayeogopa hubana vyote alivyovishika, na throtoli aliyoirudisha nyuma hadi mwisho anaibana hapo hapo. Sababu nyingine ni kwamba kughairi kutua nako kuna ugumu wake, na mwanafunzi anaujua. Injini inapopewa nguvu zote ghafla, pua hutaka kupanda na ndege hutaka kwenda kushoto. Lazima mguu wa kulia ukanyage pedali na mkono uizuie pua isipande mno. Asiyelifanyia mazoezi jambo hili hulikimbia.

Hofu hiyo si ya bure. Julai 2006, mjini Southend nchini Uingereza, mvulana wa miaka 16 aliyekuwa akiruka peke yake kwa mara ya pili katika Cessna 150 alikuwa tayari amelenga uwanja ili atue. Nyuma yake ilikuja ndege yenye kasi zaidi. Mwongoza ndege alimwelekeza aghairi kutua, kisha akabadilisha maelekezo na kumtaka akate kushoto kuelekea kaskazini. Ndege ilipoteza mwendo ikiwa chini, mabawa yakashindwa kuibeba, nayo ikaanguka katika bustani ya mji. Mvulana alifariki. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza waliona kwamba aliwekwa katika hali ambayo mafunzo yake hayakuwa yamemtayarisha kuikabili. Alijua kughairi kutua kama alivyofundishwa: nguvu zote, nyoosha mbele, panda. Alichotakiwa kufanya siku ile kilikuwa kitu kingine. Baada ya ajali hiyo, Uingereza iliweka utaratibu wa wanafunzi wanaoruka peke yao kujitambulisha redioni kuwa ni wanafunzi, ili aliye mnarani ajue anazungumza na nani kabla hajafungua kinywa.

Tofauti kati ya Beverly na Southend haimo katika kipaji cha vijana wale wawili. Mmoja alipewa nafasi ya kufikiri, mwingine alinyang'anywa.

*

Miaka 13 baadaye, Agosti 2019, katika uwanja wa Jandakot karibu na Perth, Australia, tukio jingine lilionyesha upande wa pili. Mkufunzi alizimia angani ndani ya Cessna 152. Mwanafunzi aliyekuwa naye hakuwa amewahi kutua ndege. Mwongoza ndege hakumharakisha. Kwa muda wa karibu saa nzima mwanafunzi alizunguka, akashushwa hadi kupita chini juu ya njia ya kurukia kisha akaelekezwa apande tena, apate kuona lami inavyokaribia na mikono yake ifahamu uzito wa ndege. Alipotua kweli, hakuwa anaiona njia ile kwa mara ya kwanza. Mke na watoto wake walikuwa wakimtazama kutoka chini.

Mafunzo mazuri hufanya kitu kama hicho makusudi. Mkufunzi humpeleka mwanafunzi hadi mita chache juu ya lami na kumwambia asitue, aishike ndege ielee hadi karibu na mwisho wa njia, kisha aondoke. Wanafanya hivyo mara tano, mara kumi. Mwanafunzi anajifunza kwamba kuondoka ni sehemu ya kazi kama kutua kulivyo.

Katika Afrika Mashariki somo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya kimo cha nchi yenyewe. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, unaobeba jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na una vyuo kadhaa vya urubani. Hewa ya pale ni nyepesi. Saa ya mwendo ikimwonyesha mwanafunzi kilomita 120, ardhi chini yake inapita kwa zaidi ya 130, na adhuhuri ya jua kali hata zaidi ya hapo. Mwenzake anayejifunza Dar es Salaam, karibu na bahari, anakaribia kupata 120 zile zile anazozisoma. Mwanafunzi wa Wilson anayeamini macho yake kuliko saa huona anakwenda mbio mno, akapunguza mwendo hadi kuhatarisha mabawa. Na hewa hiyo hiyo nyepesi huinyima injini pumzi: nguvu anazozipata akisukuma throtoli yote ni pungufu kwa karibu moja ya tano ya zile za pwani. Kughairi kutua kunawezekana Wilson kama kwingineko. Ila uamuzi lazima uje mapema, kabla mwendo haujaisha.

*

Turudi kwenye ndege iliyolala na pua chini. Zimamoto wamefika, mafuta yamefungwa, kijana amekalishwa kivulini na kupewa maji. Kwa mtazamaji, hasara ni propela na mguu wa pua. Fundi anajua ni zaidi: propela inapogonga ardhi injini ikiwa inazunguka, pigo hurudi hadi kwenye ekseli kuu ndani yake. Kampuni ya Lycoming, inayotengeneza injini za nyingi kati ya ndege hizi, hudai injini ikaguliwe kwa ndani hata kama inawaka na kunguruma vizuri.

Kisha mchunguzi anatembea kurudi nyuma kwenye njia ya kurukia, polepole, akitazama chini. Anatafuta mikato ambayo propela iliacha kwenye lami: mistari mifupi, mmoja baada ya mwingine. Anapiga magoti na kuweka utepe wa kupimia kati ya mkato na mkato.

Hesabu yake ni nyepesi. Propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, kama inavyozunguka throtoli ikiwa imerudishwa nyuma, hukata lami mara 33 kila sekunde. Ndege ikienda kilomita 90 kwa saa, mikato itaachana kwa sentimita 75. Throtoli ingekuwa imesukumwa yote, propela ingezunguka zaidi ya mara 2,000, na mikato ingesogeleana hadi sentimita 33 au karibu na hapo. Kwa utepe huo, hata kabla ya kumwuliza kijana neno lolote, mchunguzi anajua kama mkono wa kulia ulisogea.

Anausoma utepe, anaandika namba kwenye daftari, anahamia mkato unaofuata. Sabini na nne. Sabini na sita. Sabini na tano.